Maji Yafike Ukuchani: Masala ya Kucha za Kubandika katika Udhu na Josho

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa sura nzuri, akatuhalalishia pambo lililo jema, na akaufanya usafi kuwa mlango wa kuingilia katika Sala. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake, na kila awafuataye kwa wema hata Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, si desturi yangu kuandika khabari za nyumbani kwangu. Walakini masala haya yaliniingilia kwa mlango wangu mwenyewe, nami naona nikiyanyamazia nitakuwa nimewaficheni elimu kwa kusitiri aibu yangu. Basi yasomeni, na mwenye nyumba yenye binti au mke na ayasome mara mbili.

SABABU YA KUANDIKA MANENO HAYA

Ninaye binti aliyekwisha khitimu Kurani, na Safina ameisoma tangu mdogo. Ilipokaribia harusi ya jamaa zetu alinunua dukani kisanduku cha kucha za kubandika, na jinsi ya kuzibandika akajifundisha mwenyewe kwa kutazama picha katika simu. Siku ya Alkhamisi alitawadha akasali Magharibi, kisha akaketi chumbani mwake na kisanduku chake, akazibandika zote kumi. Ilipoadhiniwa Isha alikuwa angali na udhu wake, akasali.

Tangu Alfajiri ya Ijumaa ile hata Isha ya Jumatatu ya juma la pili ni siku 11. Siku zote hizo alikuwa akitawadha uani nami namwona, na akisali nami namwona, moyoni nikimshukuru Mungu kwa mtoto ashikaye Sala. Alikuwa akiniletea kahawa, nikaziona kucha zake zimeng'aa, nikadhani ni rangi za harusi tu, wala sikuuliza.

Usiku wa Jumatatu ile, baada ya Isha, ukucha mmoja ulichopoka ukaanguka katika sinia. Niliuokota nikaugeuza mkononi, nikaona ni mgumu kama gamba la kaa. Nikamwuliza, "Mwanangu, huu ulikuwa juu ya ukucha wako hata ulipokuwa ukitawadha?" Akasema, "Naam, Baba." Nikasema, "Na chini yake maji yalifika?" Akautazama mkono wake kwa muda, kisha akanitazama mimi, akasema, "Baba, wewe ulikuwa ukiniona siku zote hizi. Mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikisomesha masharti ya udhu, nikitaja nta, na unga uliokauka, na donge la hina, kama walivyotaja wanazuoni wa zamani. Sikupata hata siku moja kusema, "Na kucha hizi zinazouzwa madukani pia zimo." Mtoto alikuwa ameihifadhi kanuni, mimi sikumwonyesha pahala pake. Ndiyo sababu ya kijitabu hiki.

KUCHA HIZI NI KITU GANI

Mwanamume hawezi kuhukumu asichokijua, basi na tuzieleze. Kucha za kubandika ziko namna tatu.

Namna ya kwanza ni kucha za plastiki zilizokwisha tengenezwa. Hubandikwa juu ya ukucha kwa gundi kali, au kwa kibandiko laini kama cha karatasi. Hizi za kibandiko hutoka kwa wepesi siku ile ile.

Namna ya pili ni ya unga na maji ya dawa, iitwayo akriliki. Mwenye kutia huchovya burashi katika ile dawa, kisha katika unga, akaweka tone juu ya ukucha na kulitandaza, likakauka kwa hewa likawa gumu. Jambo hili lilitokana na kazi ya meno. Husimuliwa kwamba daktari wa meno wa Marekani, Frederick Slack, alivunjika ukucha katika mwaka 1954, akajitengenezea mwingine kwa vitu vya kutengenezea meno vilivyokuwa mkononi mwake.

Namna ya tatu ni jeli, uji mzito ambao haukauki mpaka utiwe chini ya taa ndogo yenye mwanga maalumu. Katika visanduku vya kutumia nyumbani, mara nyingi jeli hii hutiwa ndani ya ukucha wa plastiki, ukagandamizwa juu ya ukucha wa mtu, kisha mkono ukaingizwa chini ya taa. Hiyo ndiyo aliyoitumia binti yangu.

Namna mbili hizi za mwisho hukaa juma mbili au tatu. Na kwa kuwa ukucha wa mkono hukua kadiri ya milimita 3 kwa mwezi, huonekana upenyo kwa chini, mtu akaongeza tena akauziba. Kwa hiyo mwenye kuziendeleza aweza kukaa miezi mingi bila ya tone la maji kufika ukuchani. Shikeni neno hili, maana ndilo kiini cha masala yetu.

HUKUMU YA UDHU NA JOSHO

Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 6, ametuamuru tunaposimama kwa ajili ya Sala tuoshe nyuso zetu na mikono yetu hata vifundoni. Ukucha ni sehemu ya mkono. Basi kuuosha ni faradhi kama kuosha kiganja, na atakayeuacha hakutawadha.

Wanazuoni wa madhihabi yetu ya Shafi wamelifanya jambo hili kuwa sharti waziwazi: kusiwepo juu ya kiungo kitu chenye mwili kinachozuia maji yasifike. Imamu Nawawi katika Al-Majmuu amefunua kwamba nta, au unga uliokandwa, au hina iliyoganda, ikizuia maji yasifike sehemu yoyote ya kiungo, twahara haisihi, kiwe kilichozuiwa ni kingi au kichache. Na ikiwa hina imekwisha ondolewa ikabaki rangi yake tu, twahara ni sahihi, kwa kuwa rangi haina mwili wa kuzuia maji. Hapa ndipo penye tofauti ya hina ya mama zetu na kucha za kisanduku. Hina hutia rangi ukucha, na kucha hizi huufunika.

Na atakayesema kwamba pahala pa ukucha ni padogo, na asikie khabari aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Sayyidna Umar bin Khattab. Mtu mmoja alitawadha, akaacha mguuni pake pahala pa kadiri ya ukucha pasipofika maji. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipamuona, akamwamuru arejee akautengeneze udhu wake. Tazama kipimo kilichotajwa ni kipi! Yule alikosa pahala pamoja pa kadiri ya ukucha, na mwenye kisanduku amekosa kumi.

Josho la janaba, na la hedhi, na la nifasi ni zito zaidi, kwa kuwa maji lazima yaenee mwili wote, kwa nywele na ngozi na kucha na vilivyo chini ya kucha. Mwanamke aliyeoga hedhi naye ana kucha hizi mkononi, josho lake halijatimia, na Sala zake zote za baadaye zimejengwa juu ya msingi usiokuwepo.

Lakini jua pia kwamba kubandika ukucha hakuvunji udhu. Aliyekuwa na udhu kamili kisha akabandika, udhu wake umo mpaka utenguke kwa sababu zake zijulikanazo. Ndiyo maana Isha ya binti yangu ya usiku ule wa kwanza ilikuwa sahihi.

HOJA ZA WENYE KUTAFUTA WEPESI

Wako wasemao, "Msafiri na mkazi hupaka maji juu ya khofu bila ya kuivua. Basi kucha hizi ni kama khofu za vidole." Jibu ni kwamba khofu imekuja kwa nassi, nayo ni ya miguu tu, ina muda wake, kwa mkazi siku moja na usiku wake, na kwa msafiri siku tatu na nyusiku zake, wala haifai kwa janaba. Jambo lililokuja kwa rukhusa haliondolewi pahala pake kupelekwa pahala pengine kwa matamanio.

Wengine husema, "Aliyefungwa bendeji hupaka juu yake." Huyo amefungwa kwa jeraha au kwa mfupa uliovunjika, na kuifungua kungemdhuru. Pambo si jeraha. Ikiwa kweli mtu ameumia ukucha na tabibu ameufunga, hiyo ni masala nyingine, na amwendee mwanachuoni wake amwulize.

Wengine husema ziko rangi za kucha zinazopitisha maji. Nasema, kuosha katika madhihabi yetu ni maji kupita juu ya kiungo chenyewe, wala si unyevu kupenya kidogo kidogo katika kitambaa au karatasi ya majaribio. Na hata hao wauzaji husema hayo juu ya rangi. Plastiki na jeli iliyoganda ni jambo jingine.

Ama pambo lenyewe, wanazuoni wa zama zetu wamekhitilafiana. Wako waliolifananisha na kuunga nywele, ambako kumekatazwa katika hadithi sahihi, na wako waliolitenga. Sitaingia katika khitilafu ile, maana hata tukimchukua aliye mwepesi wao wote, masala ya maji yabaki pale pale. Asiyekuwa na Sala, kwa kuwa yumo katika hedhi, akipenda kumpambia mumewe ndani ya nyumba yake, kwa rai ya wenye kuruhusu hapana shaka juu ya Sala yake, madhali ataziondoa kabla ya kuoga josho lake. Na khasa zile za kibandiko, zitokazo kwa wepesi, ndizo zimfaazo. Ama aliye katika siku za Sala, akiziweka kwa gundi au jeli za juma tatu, amejifungia mlango wa udhu kwa mkono wake.

Tena mauti hayangoji siku ya kubandua. Na mwenye kwenda Hija au Umra na akumbuke kwamba tawafu kwetu haisihi bila ya twahara.

MADHARA YA MWILI

Sheria yetu yatukataza kujidhuru, basi khabari za matabibu nazo zatuhusu. Jeli na akriliki kabla ya kuganda zina dawa ambazo zikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio, yaani mwili kuzikataa, vidole vikawasha, vikavimba, vikapasuka. Mzio huo ukiingia haukaribii kutoka maisha, na aweza mtu kupata taabu hata atakapohitaji vitu vya jamii hiyo katika matibabu ya meno au ya mifupa. Matabibu wa ngozi wa Uingereza walitoa onyo la jambo hili katika mwaka 2018, wakavitaja khasa visanduku vya kutumia nyumbani. Katika mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamrisha kwamba dawa iitwayo HEMA, iliyomo katika jeli nyingi, itumiwe katika kazi ya kucha na mafundi peke yao. Na tangu tarehe 1 Septemba 2025 dawa nyingine, iitwayo TPO, ambayo huisaidia jeli kukauka chini ya taa, imepigwa marufuku huko katika vitu vya urembo.

Anayejifunza ndiye aliye karibu zaidi na madhara haya. Mkono wake haujazoea, jeli humwagika ikaingia pembeni mwa ukucha juu ya ngozi. Huisugua kucha yake kwa tupa kupita kiasi ili gundi ishike, ikawa nyembamba kama karatasi. Hununua taa isiyolingana na jeli yake, juu ikaonekana kavu na chini ingali mbichi. Na ukucha ukiachana kidogo kwa pembeni, maji huingia yakakaa humo, vikaota viini vya maradhi, na ukucha ukageuka rangi ya kijani. Tazama hikima: maji yale yale ya twahara, yakifungiwa pasipo kupita, huwa maradhi.

JINSI TULIVYOZIONDOA, NA DENI LA SALA

Usiku ule binti yangu alitaka kuzing'oa kwa meno, kwa hofu. Mmoja aliung'oa, ukatoka na utando wa ukucha wake, akatokwa na machozi. Nikamzuia. Nawaandikieni tulivyofanya, ili baba mwingine asimshike mtoto mkono kwa ghadhabu akamwumiza.

Kwanza tulifungua madirisha, tukakiondoa chetezo na kila chenye moto, kwa kuwa asetoni hushika moto upesi sana. Mama yake akasugua juu ya kila ukucha kwa tupa hata mng'ao ukaondoka. Kisha akaloweza pamba katika asetoni, akaiweka juu ya ukucha, akaufunga kidole kwa karatasi ya fedha ya kufungia chakula, wakangoja kadiri ya robo saa. Kilicholainika akakisukuma taratibu kwa kijiti, na kisicholainika wakakirudia bila ya kukilazimisha. Baadaye aliosha kwa sabuni, akapaka mafuta. Ilipita saa sita ya usiku tulipokwisha. Kisha akatawadha, nami nikasimama nikamtazama, na mara hii nikitazama kweli.

Tukahesabu deni. Siku 11 kwa Sala 5 ni Sala 55. Asiyejua, kutojua kwake kukiwa ni udhuru humwondolea dhambi, lakini katika madhihabi yetu hakumwondolei deni, kwa kuwa sharti la Sala lilikosekana. Na asiyekumbuka hesabu alipe mpaka awe na yakini kwamba amemaliza. Nilimwambia asali kadha moja pamoja na kila faradhi, Alfajiri na Alfajiri, Adhuhuri na Adhuhuri, na siku ya kumi na moja atakuwa amekwisha. Akasema, "Ni nyepesi kuliko nilivyodhani, Baba." Nikasema, "Deni la Mungu ni jepesi kwa mwenye kuanza."

NENO KWA WANAUME

Sasa ndugu zangu, msikitoke kijitabu hiki mkaenda kuwapigia kelele wanawake majumbani. Visanduku hivi ni wanaume tunaoviuza madukani, na aghalabu ni fedha zetu zinazovinunua. Mwenye duka, ukimwuzia binti wa Kiislamu, una lipi la kukuzuia kumwambia, "Mwanangu, hizi ziondoe kabla ya udhu"? Neno hilo halikupunguzii faida, nalo ni sadaka.

Tena kila mmoja na aitazame mikono yake mwenyewe. Fundi rangi anayesali Adhuhuri na matone ya rangi yameganda vidoleni, masala yake ni haya haya. Seremala mwenye gundi iliyokauka, na mwenye kupaka chombo deheni, shahamu na chokaa vikamganda kuchani, masala yao ni haya haya. Mafuta ya maji kama sifa hayadhuru, maji yakipita juu ya kiungo. Kilichoganda ndicho kizuiacho. Ama uchafu mdogo chini ya kucha, wanazuoni wetu wamekhitilafiana. Mutawalli akasema kama wazuia maji udhu haufai, na Ghazali akasamehe kwa ajili ya haja ya watu. Njia ya kutoka katika khitilafu ni kukata kucha, nayo ni katika sunna za umbile, na katika hadithi ya Anas imewekwa isipindukie siku 40. Basi ni aibu mwanamume mwenye kucha ndefu zenye lami kumkemea mkewe kwa kucha za plastiki.

Mwalimu mwenzangu wa chuo, nawe una fungu lako. Usomeshapo masharti ya udhu usiishie katika nta na unga. Taja lami, taja rangi ya mafuta, taja gundi, taja kucha za kisanduku. Peleka mkononi mwa mwanafunzi kitu chenyewe akione. Vitabu vilitaja vitu vya zama zake, na kazi yetu ni kutaja vya zama zetu kwa kanuni ile ile.

Na wewe mzazi, mwanao akijifunza jambo jipya chumbani mwake, ingia uulize kwa upole, "Mwanangu, hiki ni nini?" Mimi niliona siku 11 nisiulize, kwa kudhani kwamba mtoto aliyesoma hahitaji kuulizwa. Lau ukucha ule usingeanguka katika sinia, hesabu yetu ingekuwa ya miezi.

Ewe Mola wetu, tutakase nje yetu kwa maji na ndani yetu kwa toba. Utusamehe tulichokiona tukakinyamazia, na uzikubali Sala za wana wetu, zilizolipwa na zinazoendelea kulipwa. Utujaalie tuwe wenye kufundisha kabla ya kulaumu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote. Amin.